Yashwantrao Chavan: Wakili wa Karad Aliyekabidhiwa Jeshi (Sehemu ya 3)

ILIPOISHIA WIKI ILIYOPITA: Yashwantrao Chavan, mtoto wa kijiji cha Devrashtre aliyefiwa na baba angali mdogo, mfungwa wa Waingereza mwaka 1932, mtoro wa siasa mwaka 1942, sasa ni Waziri Kiongozi wa jimbo jipya la Maharashtra. Novemba 1962, majeshi ya China yanateremka Himalaya na kuwafagia wanajeshi wa India. Waziri wa Ulinzi, Krishna Menon, ameshaanguka. Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru anamwita Chavan Delhi.

SASA ENDELEA...

Chavan aliingia Delhi katika saa mbaya kuliko zote. Njia ya mlimani ya Se La ilikuwa imeshapotea, Bomdila imetekwa, na kule Assam wakazi wa mji wa Tezpur walikuwa wamefunga virago na kukimbia. Mkuu wa Jeshi, Jenerali Thapar, alikuwa ameachia ngazi. Mara, bila mtu kutarajia, China ikatangaza kwamba inasitisha mapigano. Ilikuwa Novemba 21, 1962. Siku hiyo hiyo Chavan akala kiapo. Alikabidhiwa Wizara ya Ulinzi wakati risasi zimenyamaza na nchi imeshindwa.

Watu wa Maharashtra husema hadi leo kwamba Sahyadri, safu ya milima ya kwao, ilikimbia kwenda kuiokoa Himalaya. Ni msemo wa fahari. Lakini siku ile Delhi haikuwa na fahari yoyote. Wabunge walikuwa na hasira, majenerali walikuwa na aibu, na mgeni huyu kutoka mkoani hakuwa hata na kiti katika Bunge la taifa. Hajawahi kuvaa sare ya jeshi. Elimu yake ilikuwa ya historia, siasa na sheria. Angewaambia nini majenerali?

Ili kumwelewa, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1956 alipewa kuongoza jimbo la Bombay, ambamo wasemaji wa Kimarathi na wa Kigujarati walifungwa katika nyumba moja wasiyoitaka. Watu zaidi ya mia moja walikuwa wamekufa katika vuguvugu la kudai Maharashtra yenye mji wa Bombay. Katika uchaguzi wa 1957 chama chake cha Congress kilipigwa vibaya magharibi mwa Maharashtra, na yeye mwenyewe nusura apoteze kiti chake cha Karad. Angeweza kukaa kimya na kulinda cheo. Badala yake aliwaeleza wakubwa wa Delhi, kwa upole na bila kuchoka, kwamba jimbo lile halitasimama. Mei 1, 1960 Maharashtra ikazaliwa, naye akawa Waziri Kiongozi wake wa kwanza.

Huo ndio mtaji alioubeba kwenda Delhi. Alijua kumsikiliza mtu aliyekasirika mpaka amalize, na alijua kumwambia mkubwa neno asilopenda kulisikia.

Menon alikuwa mtu wa akili kali na ulimi mkali zaidi. Mwaka 1959 mzozo wake na Mkuu wa Jeshi, Jenerali Thimayya, ulifika mahali jenerali huyo akaandika barua ya kujiuzulu, ingawa baadaye aliiondoa. Makamanda walizoea kuingiliwa kazi zao. Chavan akageuza utaratibu. Aliketi na wakuu wa majeshi, akawauliza wanachohitaji, akawaachia askari kazi ya askari. Yeye akabeba ya mwanasiasa: fedha, Bunge na lawama.

Na lawama zilikuwepo. Luteni Jenerali Henderson Brooks na Brigedia Bhagat walichunguza kushindwa kule. Ripoti yenyewe ikafungiwa kuwa siri, lakini Septemba 1963 Chavan alisimama bungeni akataja kasoro zilizoonekana: mafunzo, zana, mfumo wa amri, afya ya askari, uwezo wa makamanda. Wakati huo alikuwa ameshapata ubunge wa Nashik bila kupingwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. India ilikuwa inajenga ukuta. Jeshi lilipangiwa kufikia askari 825,000, na Jeshi la Anga vikosi 45 vya ndege. Vikaundwa vikosi vipya vya kupigana milimani, na viwanda vya silaha vikaongezwa kasi.

Mei 27, 1964 Nehru akafariki dunia. Lal Bahadur Shastri akashika uongozi na kumwacha Chavan palepale. Huko ng'ambo, Rais Ayub Khan wa Pakistan aliona jirani aliyepigwa miaka miwili nyuma, anayeongozwa sasa na mtu mfupi, mpole, asiye na sauti kubwa. Aprili 1965 majeshi ya pande mbili yakagongana katika mbuga za chumvi za Kutch. Agosti, wapiganaji kutoka Pakistan wakapenya Kashmir kwa siri. India ikajibu kwa kuuteka upenyo wa Haji Pir.

Kisha ikaja Septemba 1.

Kabla ya jua kuchomoza, mizinga ya Pakistan ilifungua moto katika eneo la Chhamb. Nyuma yake vikaja vifaru vya Patton, vya Kimarekani, vizito, vingi. Mbele yao India ilikuwa na vifaru vyepesi vya AMX-13, vichache mno. Shabaha ilikuwa daraja la Akhnoor juu ya mto Chenab. Likitekwa daraja hilo, askari wa India walioko magharibi mwake wangekatiwa njia. Kabla ya adhuhuri kamanda wa mstari wa mbele alikuwa ameomba msaada wa ndege. Saa zikapita.

Alasiri, Jenerali Chaudhuri, Mkuu wa Jeshi, na Arjan Singh, Mkuu wa Jeshi la Anga, waliingia ofisini kwa Chavan. Ombi lao lilikuwa moja: ruhusa ya kurusha ndege za kivita.

Msomaji, tia uzito hapo. Mwaka 1962 ndege za mapigano za India zilibaki chini tangu mwanzo mpaka mwisho wa vita, kwa sababu viongozi waliogopa moto usije ukaenea mijini. Kurusha ndege maana yake ni kuvipandisha vita ngazi nyingine. Desturi ingemtaka waziri asubiri Waziri Mkuu, asubiri kikao, asubiri wino. Lakini giza lilikuwa linakuja, na ndege zile hazingeweza kupiga gizani.

Chavan hakusubiri. Alitoa ruhusa palepale, akijua kwamba mambo yakiharibika jina litakalotajwa ni lake. Ninaamini hapo ndipo uwaziri wake ulipopimwa kikamilifu. Kiongozi anayetaka sifa ya ushindi ni rahisi kumpata. Anayekubali kubeba uamuzi kabla ya kujua mwisho wake ni adimu.

Muda mfupi baada ya saa kumi na moja jioni, ndege ziliruka kutoka Pathankot. Miongoni mwake zilikuwamo Vampire kuukuu, ambazo tayari zilikuwa zimepitwa na wakati. Angani zilikutana na Sabre za Pakistan. Vampire nne hazikurudi.

Vifaru vya Pakistan vilipunguzwa kasi, lakini havikusimamishwa. Usiku ukaingia daraja la Akhnoor likiwa bado hatarini. Mezani Delhi ulikuwapo mpango mmoja uliokwisha kuandaliwa, wa kutisha kuliko yote: kuvuka mpaka wa kimataifa huko Punjab na kuelekea Lahore. Hiyo ingekuwa vita kamili. Na wakati Chavan na Shastri wakiupima mpango huo, upande wa pili Pakistan ilikuwa karibu kufanya jambo la ajabu: kumbadilisha kamanda wake katikati ya shambulio.

Je, Shastri atakubali kuvuka mpaka? Na kamanda mpya wa Pakistan ni nani, ambaye miaka michache baadaye atakuja kuitawala nchi nzima? Usikose Sehemu ya 4, Jumamosi ijayo.

ITAENDELEA