Ulezi wa kitaaluma

Katika fani ya unasihi, kuna kikao cha faragha ambacho mnasihi hukaa na mwenzake mwenye uzoefu, wakaipitia kazi yake na wateja. Huko Uingereza, chama cha wanasihi cha BACP huwataka wanachama wake wenye ithibati wapate angalau saa moja na nusu ya kikao hicho kila mwezi, hata wawe wakongwe kiasi gani.

Wengi hukiita usimamizi. Neno hilo linapwaya. Mtaalamu wa fani hii, Brigid Proctor, aliigawa kazi hii sehemu tatu: kulinda maadili, kukuza ujuzi na kumrudishia mnasihi nguvu. Msimamizi tunayemjua, kama nyapara, huishia kwenye ile ya kwanza. Mlezi, kwa upande wake, hukanya, hufunza na hutuliza. Wala ulezi si wa watoto tu. Vyama vya watu wazima vina walezi wao.

Ulezi unaojengwa juu ya misingi ya Kisikh unaonyesha tofauti hiyo vizuri. Dini hiyo ilianzia Punjab kwa Guru Nanak (1469–1539), na Sikh maana yake ni mwanafunzi. Inachokipiga vita zaidi ni haumai, yaani umimi. Tuseme mnasihi anasimulia habari za mteja aliyekuwa akinywa pombe kwa siri, akihofia kuiaibisha familia, na sasa ameacha. Kila sentensi inaanza na “nilimwambia”. Mlezi anauliza: “Na yeye mwenyewe alifanya nini?” Sifa inamrudia mteja mwenyewe. Siku mteja akiirudia chupa, swali lile lile litampunguzia mnasihi mzigo wa kujilaumu.

Ipo pia seva, huduma isiyotafuta malipo wala sifa. Hapa mlezi huwa macho, maana anayejitolea bila kipimo huchoka akashindwa kumsikiliza mtu. Ndipo inapoingia chardi kala, moyo usiokata tamaa hata katika dhiki: mnasihi husaidiwa kuulinda.

Mlezi naye hana kiti cha enzi. Mwaka 1699, huko Anandpur, Guru Gobind Singh aliwapa wafuasi watano amrit, maji matamu ya ibada ya kuingizwa, kisha akawaomba nao wampe yeye. Mlezi anayefuata mfano huo hukubali kusahihishwa na anayemlea.

Basi usimamizi tuuachie mwajiri, anayepanga zamu na kukagua mahudhurio. Kikao cha mnasihi na mwenzake tukiite ulezi wa kitaaluma.