Nauli, Punguzo na Ukweli wa Bei: Historia ya Biashara ya Safari za Kitalii za Baharini

Punguzo ni uhusiano kati ya bei mbili, yaani bei inayotajwa kuwa ya kawaida na bei ambayo mnunuzi anatakiwa kulipa, na mnunuzi asiyeweza kuhakiki ile ya kwanza hana namna ya kujua thamani ya ile ya pili. Katika biashara ya safari za kitalii za baharini, ambamo abiria huzungushwa bandari kadhaa kwa starehe na kurejeshwa alikotoka, jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa nauli hulipwa miezi mingi kabla ya meli kung'oa nanga, hujumuisha malazi, chakula na usafiri kwa mkupuo mmoja, na hubadilika kulingana na chumba, msimu na siku ya kulipa. Historia ya biashara hiyo tangu katikati ya karne ya 19 inaonyesha kwamba uwazi wa bei haukukua sambamba na biashara yenyewe: ulikuwepo kwa kiasi kikubwa mwanzoni, ukafifia kadiri ushindani ulivyozidi kuwa mkali, na uliporejea ulirejeshwa na sheria.

Miongoni mwa kampuni za kwanza kuuza safari za aina hii ilikuwa P&O ya Uingereza, iliyojijenga kwa mikataba ya serikali ya kusafirisha barua hadi Ureno, Hispania na baadaye Misri. Mwaka 1844 kampuni hiyo ilimpa mwandishi William Makepeace Thackeray nafasi ya kusafiri bila malipo katika meli zake za Bahari ya Mediterania, naye mwaka 1846 akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo. Hivyo tangu hatua za awali msomaji aliyetaka kujua ubora wa safari alitegemea maelezo ya mtu ambaye hakuilipia, na hali hiyo imeendelea kuwepo katika uandishi wa utalii hadi leo.

Mfano ulio bora zaidi wa uwazi wa enzi hiyo ni safari ya meli ya Marekani iliyoitwa Quaker City, iliyoondoka New York mwezi Juni 1867 kwenda Ulaya na Nchi Takatifu, na ambayo Mark Twain aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1869, *The Innocents Abroad*. Mpango wa safari uliochapishwa kabla ya kuondoka ulitaja nauli moja kwa kila mtu mzima, dola 1,250, ukaeleza kwamba hakuna nafasi iliyohesabiwa kuwa imeshikwa mpaka arbuni ya asilimia 10 iwe imewekwa kwa mtunza fedha, na kwamba vyumba na viti vya mezani vingegawiwa kwa kufuata utaratibu wa aliyetangulia kujiandikisha. Gharama ya mashua za kuwashusha abiria bandarini ilikuwa juu ya meli, na abiria ambaye hakutaka kwenda bara angeweza kubaki melini bila kuongezewa malipo. Kwa wale waliotaka kutembea nchi kavu, waandaaji walikadiria kwamba dola 5 kwa siku zingetosha, tena walitaja kuwa ni dola za dhahabu, kwa sababu noti zilizotolewa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani zilikuwa na thamani ndogo kuliko dhahabu. Aliyesoma waraka huo alijua kinachomo ndani ya nauli, kisichomo, na kiasi cha kuweka kando kwa ajili ya hicho kisichomo. Nauli ilikuwa kubwa mno kwa mfanyakazi wa kawaida, lakini haikuwa na fumbo.

Sababu ya kuwepo kwa punguzo katika biashara hii inaonekana vizuri zaidi katika kazi ya Albert Ballin, kiongozi wa kampuni ya HAPAG ya Hamburg. Meli za kampuni hiyo zilijaa abiria wa Atlantiki ya Kaskazini wakati wa kiangazi, ila wakati wa baridi wasafiri walikuwa wachache, ilhali mishahara ya mabaharia, riba ya mikopo na uchakavu wa chombo vilibaki palepale. Tarehe 22 Januari 1891 Ballin aliituma meli Augusta Victoria kutoka Cuxhaven kwenda Mediterania ikiwa na abiria 241 waliokwenda kwa matembezi tu, na mafanikio ya safari hiyo yaliipelekea kampuni yake kujenga Prinzessin Victoria Luise, iliyoshushwa majini mwaka 1900 na kukusudiwa kwa kazi hiyo peke yake. Kanuni ya kiuchumi iliyokuwa nyuma ya uamuzi huo haijabadilika: karibu gharama zote za safari hulipwa kabla abiria wa kwanza hajapanda, na chumba kisichouzwa hadi meli inapoondoka hakiwezi kuwekwa akiba kikauzwe kesho. Kwa hiyo mwenye meli huona afadhali kuuza chumba cha mwisho kwa bei ndogo kuliko kukiacha kitupu, mradi waliokwisha kulipa bei kubwa wasijue, au wakijua wasiwe na la kufanya.

Kampuni zenyewe ziliiogopa kanuni hiyo, kwani kila moja ikishusha nauli ili kujaza vyumba, zote huumia. Ndipo zilipounda miungano ya bei, yaani mapatano ya wenye meli wa njia moja ya kutoza viwango vilivyokubaliwa na kugawana abiria, mfano wake ukiwa ule wa kampuni za Atlantiki ya Kaskazini ulioanzishwa mwaka 1892. Mapatano yalipovunjika mwaka 1904, nauli ya daraja la chini kabisa kutoka Uingereza hadi Marekani ilianguka hadi pauni 2, na mwaka 1908 kampuni ziliketi tena zikapatana upya. Katika upande wa mizigo, miungano ilibuni punguzo la kucheleweshwa, ambalo lilianza kutumika katika njia ya Calcutta mwaka 1877: mfanyabiashara alilipa kiwango kamili, kisha akarudishiwa sehemu yake, kwa kawaida asilimia 10, baada ya miezi kadhaa kupita bila yeye kupakia shehena katika meli ya mshindani. Tume ya Kifalme ya Uingereza iliyochunguza miungano hiyo ilitoa ripoti yake mwaka 1909. Punguzo la namna hiyo lilimfunga mteja badala ya kumsaidia, kwa kuwa kila alipotaka kulinganisha bei alikumbuka fedha zake zilizokuwa bado mikononi mwa kampuni.

Mfumo wa viwango vilivyochapishwa ulikuwa na kasoro ya kumnyima abiria ushindani, lakini ulimpa jambo moja la maana, nalo ni nauli iliyojulikana. Ndivyo ilivyokuwa hata katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako meli za kampuni ya British India zilisafiri kati ya Bombay, Zanzibar na Mombasa, na zile za Deutsche Ost-Afrika Linie, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1890 kwa ruzuku ya serikali ya Ujerumani, ziliunganisha bandari za pwani hiyo na Hamburg. Abiria wa sitaha, aliyelala juu ya mkeka wake, na abiria wa daraja la kwanza, aliyelala katika chumba chenye kitanda, walitenganishwa kwa ukali na mara nyingi kwa rangi, ila kila daraja lilikuwa na nauli yake.

Mambo yaligeuka mwezi Oktoba 1958, ndege za jeti zilipoanza kuvuka Atlantiki kwa ratiba ya kawaida. Katika muda mfupi meli za abiria zilipoteza kazi iliyokuwa imezilisha kwa zaidi ya karne moja, na wenye meli wakalazimika kuuza starehe badala ya usafiri. Meli Uganda ya British India, iliyojengwa Glasgow na kushushwa majini mwaka 1952 kwa ajili ya njia ya London na Afrika Mashariki, iliondolewa katika njia hiyo mwaka 1967 na kufanywa meli ya safari za elimu, ikiwa na mabweni ya wanafunzi na vyumba vya wasafiri wengine katika chombo kimoja. Huko Miami, wafanyabiashara Knut Kloster na Ted Arison walianza kutumia meli Sunward katika safari za Karibi mnamo Desemba 1966, na mwaka 1972 Arison akaanzisha kampuni ya Carnival kwa meli ya zamani ya Atlantiki iliyopewa jina Mardi Gras. Biashara hiyo mpya ilimlenga mwalimu, karani na fundi, watu ambao nauli kwao ilikuwa akiba ya mwaka mzima au zaidi.

Kuja kwa wateja hao kulibadilisha maana ya bei kwa njia mbili. Kwanza, mapato ya melini, yaani vinywaji, kamari, picha na matembezi ya bandarini, yalikua hata kampuni zikaweza kuuza nauli kwa faida ndogo sana zikitegemea kwamba abiria angetumia fedha zaidi akiwa baharini. Pili, zilijifunza kutoka kwa mashirika ya ndege ya Marekani, yaliyopewa uhuru wa kupanga nauli mwaka 1978, mbinu ya usimamizi wa mapato, ambayo ni kubadilisha bei ya nafasi ileile kila mara kulingana na idadi ya nafasi zilizobaki na siku zilizobaki. Vijitabu vya matangazo viliendelea kuchapisha nauli kamili kwa kila aina ya chumba, lakini nauli hiyo ikawa na wanunuzi wachache mno. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwa kipimo ambacho punguzo lingepimiwa. Mtu aliyeambiwa amepata nusu bei alilipa tu bei ambayo karibu kila jirani yake wa sitaha alikuwa amelipa.

Ushindani wa kutaja tarakimu ndogo kabisa gazetini ulizaa mbinu nyingine, ya kuigawa bei. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kampuni moja inatangaza safari ya siku saba kwa dola 600, vyote vikiwa ndani, na nyingine inatangaza dola 500, kisha kwa herufi ndogo inaongeza dola 140 za gharama za bandari. Ya pili ndiyo ghali, lakini ndiyo itakayopigiwa simu kwanza, na ile ya kwanza, hata kama inapenda ukweli, italazimika kuiga ili isiachwe nyuma. Hicho ndicho kilichotokea Marekani katika miaka ya 1990, ambapo kile kilichoitwa gharama za bandari kilizidi kiasi ambacho kampuni zilikuwa zikilipa kwa mamlaka za bandari, tofauti ikibaki kwa kampuni. Baada ya mashtaka na uchunguzi wa mwanasheria mkuu wa jimbo la Florida, mwaka 1997 kampuni kadhaa kubwa zilikubali kwamba tozo zitakazotajwa kando ya nauli ziwe ni zile tu zinazokwenda serikalini.

Mawakala wa usafiri, ambao hulipwa kamisheni na kampuni ya meli kwa kila nafasi wanayouza, walikuwa kwa muda mrefu njia pekee ya mteja kupata unafuu wa kweli, kwa sababu wakala angeweza kumgawia mteja sehemu ya kamisheni yake. Mwanzoni mwa karne ya 21 baadhi ya kampuni kubwa ziliwazuia mawakala kutangaza punguzo la aina hiyo, na matokeo yake ni kwamba mteja, hata akiuliza katika ofisi kumi, angeona nauli moja, huku tofauti zikihamia katika zawadi ambazo ni vigumu kuzithamini, kama vile mkopo wa kutumia melini au vinywaji vya bure.

Sheria zilizofuata zilishughulikia kwanza jumla ya bei. Australia iliweka mwaka 2009 sharti la kutangaza bei moja kamili; maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015 kuhusu safari zinazouzwa kwa pamoja yalidai mteja aelezwe jumla yote kabla hajafunga mkataba; California ilikataza kuanzia Julai 2024 kutangaza bei isiyo na tozo za lazima za muuzaji; na Uingereza ikafuata Aprili 2025. Hata hivyo, bei ya kulinganishia punguzo imeachwa nyuma. Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya mwaka 2019, ulimtaka muuzaji anayetangaza punguzo aonyeshe bei ya chini kabisa aliyotoza katika siku 30 zilizotangulia, lakini sharti hilo linahusu bidhaa na haligusi huduma, kwa hiyo muuza viatu anabanwa na jambo ambalo muuza safari ya meli habanwi nalo.

Pengo hilo ndilo linalostahili kuzibwa, kwa maana aliyeweka akiba miaka miwili ili awapeleke wazazi wake baharini ana haki ileile ya kujua ukweli aliyo nayo mnunuzi wa jozi ya viatu. Mpaka litakapozibwa, historia inampa mnunuzi kanuni inayotosha kumlinda: asilimia ya punguzo aiache kando, ajumlishe nauli, tozo, bakshishi inayokatwa kila siku na gharama nyingine zote zisizokwepeka, agawanye kwa idadi ya siku za safari, kisha alinganishe vyumba vya aina moja kwa msimu mmoja. Hesabu hiyo ingeweza kufanywa na yeyote aliyeshika mpango wa Quaker City mwaka 1867, na kampuni ambayo bei yake haihesabiki kwa urahisi huo haijamtangazia mteja bei.