Miche Miwili ya Bwana Celliers

Pretoria ya mwaka 1888 ilikuwa mji mdogo wa Makaburu, wenye vumbi na nyumba zilizoachana. Mwaka huo J. D. Celliers, mkazi wa Sunnyside, alipata miche miwili iliyotoka Rio de Janeiro akaipanda nyumbani kwake.  

Miche hiyo ilikuwa mijakaranda. Asili ya mti huu ni kaskazini-magharibi mwa Argentina na Bolivia, na mtaalamu wa mimea David Don aliuandika kwa jina lake la kisayansi mwaka 1822. Ukipata nafasi hupanda hadi mita 15 na zaidi. Hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kisha hufunikwa na maua ya zambarau kabla majani mapya hayajajaa, na hapo ndipo ulipo uzuri wake: rangi tupu juu ya matawi.

Wakati Celliers anapanda yake, Australia walikuwa wamekwisha kuuzoea. Walter Hill, msimamizi wa bustani ya mimea ya Brisbane, aliupanda huko mwaka 1864. Mti wake ulikua ukatanda, na mwaka 1903 mchoraji R. Godfrey Rivers akauchora ukiwa umechanua, watu wawili wakinywa chai chini yake. Dhoruba iliuangusha mwaka 1979, lakini mchoro ungali katika jumba la sanaa la Queensland.

Huko Australia ndiko James Clark, mwenye kitalu cha miche Pretoria, alikoagiza mbegu. Mwaka 1906 aliipa halmashauri ya mji miche 200, nayo ikapandwa kando ya barabara. Mhandisi wa mji, Walton Jameson, akaendeleza upandaji mtaa kwa mtaa. Kufikia mwaka 1971 Pretoria ilihesabiwa kuwa na mijakaranda 55,000, na mji ukapewa jina la utani la mti huo.

Sifa ilikuja na gharama. Tunda la mjakaranda ni ganda gumu, bapa na la mviringo. Likipasuka humwaga mbegu nyembamba zenye mbawa, ambazo upepo huzipeleka mbali na maji ya mito huziotesha kingoni. Miti ikaanza kuota porini, ikinyang'anyana maji na mimea ya asili. Mwaka 2001 Afrika Kusini iliuweka kwenye orodha ya mimea vamizi. Iliyokwisha kusimama mjini iliachwa iishi, ila kupanda mipya kukadhibitiwa. Uamuzi huo uliwauma wapenzi wa mti, nao ulikuwa wa haki: bonde la mto halina mtunza bustani wa kung'oa miche.

Afrika Mashariki mti uliingia enzi za ukoloni. Nairobi hugeuka zambarau kati ya Septemba na Novemba, wakati vuli inapokaribia, na Arusha vivyo hivyo. Nyanda za juu zinaufaa kwa sababu ya kiangazi chake kikavu na ubaridi kidogo. Pwani, penye unyevu mwingi, haupendezi hivyo. Huko mkrismasi na maua yake mekundu ndio wenye enzi.

Anayeutaka nyumbani aanze kwa kupima kiwanja. Mbegu huota kwa urahisi zikilowekwa usiku kucha, lakini mti uliotokana na mbegu huweza kukaa miaka mingi kabla ya ua la kwanza. Uwe mbali na ukuta, bomba la majitaka na nyaya za umeme, maana mizizi na matawi yake hutafuta nafasi. Maua yaliyoanguka huteleza, kwa hiyo yasiachwe kwenye ngazi. Na palipo na mto karibu, ni heri kuchagua mti wa kienyeji.

Hata ukikatwa, una kazi. Wachongaji wa Kikamba waliotegemea mpingo na muhugu kwa vizazi waliona miti hiyo ikiadimika, wakaanza kutumia mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Mbao yake ni laini na nyeupe, haina weusi wa mpingo, lakini huchongeka vizuri. Twiga na bakuli zinazouzwa kwa watalii nchini Kenya leo huenda zilianza kama mti wa kivuli uani kwa mtu.