Nyungu Moja, Mabara Manne: Tiba za Nyumbani Katika Mitaa ya Tanga

Mafua yakimkaba mtu Makorora, au katika mitaa ya Ngamiani iliyo jirani, mara nyingi dawa ya kwanza haitoki dukani. Chungu huinjikwa, yakatiwa majani ya mkaratusi, ya mpera na ya mlimao, mchaichai kiasi, mwarobaini kama upo, na kivumbasi kwa harufu. Maji yakitokota chungu huipuliwa, mgonjwa akajitanda blanketi na kujifukiza mpaka jasho limtoke. Hiyo ndiyo nyungu, na yeyote utakayemuuliza atakwambia ni dawa ya asili, waliyoiacha mababu. Neno hilo "asili" ndilo linalonishughulisha. Mkaratusi ni mti wa Australia. Mpera ulivuka bahari kutoka Amerika. Mlimao na mchaichai ni vya Asia, na mwarobaini ni wa Bara Hindi na nchi zinazopakana nalo. Katika chungu kizima kivumbasi peke yake ndicho chenye haki ya kujiita mwenyeji. Dai langu ni kwamba tiba za nyumbani za mwambao wa Tanga hazikurithiwa zikiwa kamili kutoka zama za kale. Zilikusanywa jani kwa jani na watu wa mji wa bandari, waliozoea kuambizana bila kutozana. Na kwa kuwa serikali, ya mkoloni na ya wananchi, imekuwa ikimtazama mganga na mkoba wake, elimu hii ya jikoni imebaki bila mwandishi.

Ushahidi wa kwanza umo vinywani mwetu. "Mganga" na "uganga" ni maneno ya Kibantu, na Wasambaa, Wabondei, Wazigua na Wadigo wanayo kwa matamshi yao. Lakini "dawa" ni ya Kiarabu, na "tiba" ni vilevile. Shubiri, habasoda, zafarani na karafuu zilikuja na majina yao kwa njia hiyohiyo ya majahazi ya kusi na kaskazi. Mpapai na mpera tumeviita kwa majina ya Wareno, waliotawala sehemu za pwani hii mpaka Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipoanguka mwaka 1698. Kwao pera ni tunda jingine kabisa, lakini jina lilishaganda. Mwarobaini umepewa jina la hesabu, kwamba unatibu maradhi arobaini, na hesabu yenyewe ni ya Kiarabu juu ya mti wa Kihindi. Mtu akichemsha majani ya mpera kumtuliza mtoto anayeharisha, amekwisha kutaja safari ya mti huo kabla maji hayajachemka. Na majina haya hayakuingia kwa amri ya mtu. Jina hushika pale ambapo kitu chenyewe kimeshikwa, kimejaribiwa na kupelekwa kwa jirani.

Hata mantiki ya kuchagua dawa ina ukoo mrefu. Mwanamke aliyejifungua hukaa arobaini, akakandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji wa pilipili manga na supu yenye tangawizi, na kunyimwa vitu vinavyosemwa kuwa vya baridi, madafu yakiwamo. Mgawanyo huo wa vyakula na maradhi kuwa ya joto au ya baridi ni mwangwi wa tiba ya Kiyunani iliyokuzwa na mabingwa wa ulimwengu wa Kiislamu, Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037 akiwa mmoja wao. Ilifika mwambao kwa vitabu vya masheikh, kisha ikashuka kutoka kitabuni hadi jikoni, ambako hakuna anayemtaja Ibn Sina wala hana haja ya kumtaja. Sisemi kwamba Wabondei au Wadigo hawakuwa na fikra zao za mwili kabla ya hapo. Walikuwa nazo. Ila mtu anayejaribu leo kutenganisha ya bara na ya bahari katika uji wa mzazi atakuwa anatenganisha chumvi na mchuzi.

Mwisho wa karne ya kumi na tisa na karne ya ishirini vilikoroga zaidi. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, na mwaka huohuo Richard Hindorf akaingiza mkonge, nao ni mmea wa Meksiko. Reli ilifika Moshi mwaka 1911. Mashamba ya mkonge yalivuta watu kutoka Kigoma, Unyamwezi, Songea, Msumbiji na Ruanda-Urundi, wale walioitwa manamba, na wengi waliomaliza mikataba yao walihamia mjini badala ya kurudi kwao. Mitaa ya Waafrika ya Tanga ikakusanya, ndani ya ua mmoja, wapangaji ambao lugha za mama zao hazikufanana. Hapo ndipo kuambizana kulipopata nguvu. Mgeni hana mganga wa ukoo mjini, wala msitu anaoufahamu. Ana jirani tu. Jirani anajua mti gani uko nyuma ya nyumba, na mgeni anajua kwao hutumia nini kwa kichomi. Mashauri yalipitia kwa bibi, kwa somo, kwa mkunga, na kwa mwanamke anayesuka nywele barazani. Kulipana hakukuwamo. Hii ndiyo tofauti kubwa na uganga, ambao una ada, una masharti na una siri inayorithishwa pamoja na mkoba. Tofauti na mwalimu wa kombe pia, anayeandika aya kwa zafarani katika sahani nyeupe kisha akaziosha mgonjwa anywe, maana naye anatumia elimu aliyoisomea. Dawa ya nyumbani haina mwenyewe, na kwa sababu hiyo imeenea.

Walioandika juu ya maradhi ya pwani waliona sehemu tu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, alieleza maradhi na waganga kwa kalamu ya mtu wa ndani, naye ni hazina. Padri Charles Sacleux alijaza kamusi yake ya Kiswahili, iliyotoka kuanzia 1939, kwa majina ya mimea. Karibu zaidi na Tanga, katika milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha mwaka 1902 taasisi ya Amani ya kuchunguza mimea na kilimo, na mtaalamu wake Karl Braun alikusanya mimea, vifaa na maelezo ya matumizi yake. Sehemu ya mkusanyo huo leo iko katika mji wa Stade, Ujerumani, kilomita elfu kadhaa kutoka kwa watu waliomtajia majina ya miti. Wote hawa walimwendea anayejulikana kuwa mjuzi. Mwanamke anayechemsha ukwaju kwa ajili ya mtoto asiyepata choo hakuhesabiwa kuwa mjuzi, hata na mumewe.

Amani yenyewe imetuachia kisa ambacho napenda kukitaja. Taasisi ilipanda mkwinini, mti wa milima ya Andes ambao gome lake hutoa kwinini. Vita Vikuu vilipozuka mwaka 1914 na meli za Uingereza zikafunga bahari, jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilitegemea kwinini iliyotengenezwa kwa magome ya koloni hilohilo. Baadaye, lilipokuwa linarudi nyuma kuelekea kusini bila viwanda, askari walinyweshwa maji ya gome lililochemshwa, machungu kupita kiasi, wakayapa jina la utani la kamanda wao. Sayansi ya Kaizari ilirudi kwenye chungu. Tofauti ni kwamba gome lile lilikuwa na kiini kilichopimwa na kujulikana, nami sitaki msomaji aisahau tofauti hiyo, kwa kuwa hoja yangu inaihitaji mbele.

Serikali ilikuwa na macho yake. Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 huko kusini viliwafundisha Wajerumani kwamba neno "dawa" linaweza kubeba uasi. Waingereza walileta Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, iliyomtazama mwenye hirizi na tunguri kama mtu wa kupelelezwa. Baada ya Uhuru mtazamo ulilainika. Mwaka 1974 kiliundwa Muhimbili kitengo cha kuchunguza dawa za asili, ambacho leo ni taasisi kamili ya chuo kikuu, na mwaka 2002 Bunge likapitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyoweka baraza la kuwasajili waganga. Ni hatua za heshima. Hata hivyo, kutoka mpelelezi wa 1928 hadi msajili wa 2002, anayetafutwa ni yuleyule: mtu mwenye mkoba.

Tanga ina mfano bora kuliko huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa unaua na hospitali hazina cha kutoa, madaktari na waganga wa Pangani walianza kushirikiana, na kutokana na ushirikiano huo kikakua kikundi cha Tanga AIDS Working Group, kilichofanya kazi zake kutoka Hospitali ya Bombo. Dawa za miti zilitumika kupunguza magonjwa nyemelezi: fangasi za mdomoni, maradhi ya ngozi, kukosa hamu ya kula. Hawakudai kuponya UKIMWI. Kudai kidogo ndiko kulikowapa heshima, na nadhani kulitokana na kuwasikiliza pia wagonjwa na waliowauguza nyumbani, ambao walijua kinachotuliza na kisichotuliza.

Atakuwepo wa kunipinga kwamba hoja ya mabara manne inawavua Waafrika urithi wao. Majani yawe ya kuja, atasema, lakini ujuzi wa kuyatumia ni wetu. Nakubali nusu ya maneno hayo. Kuchanganya mpera na mkaratusi na kivumbasi katika chungu kimoja ni kazi ya watu wa hapa, na ni kazi ya akili. Lakini nakataa kwamba urithi hupungua thamani ukionekana kuwa wa kupokea. Kiswahili kimepokea na hakuna anayekivua uraia. Hatari iko kwingine: neno "asili" likigeuka ngao, dawa haiulizwi tena swali. Ikishasemwa kuwa ni ya mababu, anayehoji kipimo chake anaonekana kuwatukana marehemu. Anayejua kwamba mwarobaini ulikuja, ukajaribiwa na kukubaliwa, anajua pia kwamba unaweza kujaribiwa tena.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba kuambizana kunaua. Ni kweli kumewahi kuua. Utafiti uliofanyika Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha jinsi mtoto mwenye degedege alivyopelekwa kwanza kwa mganga. Ulienea pia ushauri kwamba sindano itammaliza. Degedege lile mara nyingi ni malaria kali, na saa zilizopotea zilikuwa saa za uhai. Kukata kimeo cha mtoto mwenye kikohozi kumeacha damu na maambukizi, ingawa hiyo ni kazi ya fundi, si ya jikoni. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile cha shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Mwaka 2020 nyungu yenyewe ilipandishwa cheo. Rais John Magufuli aliihimiza dhidi ya Korona, Muhimbili ikaweka vibanda vya kujifukiza, na chungu cha mafua kikabebeshwa mzigo ambao bibi aliyekiinjika hakuwahi kukitwika. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo jibu lilipo. Katika kila kisa kati ya hivi madhara yalikuja pale tiba ilipovuka mpaka wake. Kikombe cha Loliondo na nyungu ya kitaifa vilitoka jukwaani, vikiwa na mamlaka ya dini na ya dola. Jikoni kunajua mipaka: majani ya mpera ni ya tumbo la siku moja, na mtoto akilegea macho anapelekwa kituo cha afya. Degedege ndilo linalonisumbua, kwa sababu hapo ushauri wa majirani wenyewe ulikosea. Lakini ushauri wa kumlaza mtoto kwenye chandarua na kumkimbiza apate dawa ya mseto, iliyokubaliwa nchini mwaka 2006, umepitia vinywa vilevile. Ukifunga njia hiyo umefunga zote mbili.

Kilichobaki ni kazi ya kuandika, na haihitaji maabara ili ianze. Shule za Makorora na Ngamiani zina wanafunzi wenye bibi walio hai. Wapewe daftari. Waandike jina la jani kama linavyotamkwa nyumbani, iwe Kidigo, Kisambaa au Kiha. Alilipata kwa nani. Huchemshwa kiasi gani. Nani hapewi, mjamzito au mtoto mchanga. Na siku ya ngapi dawa huachwa na mgonjwa kupelekwa hospitali. Swali hilo la mwisho lisikosekane katika daftari hata moja.