Kutafuta Habari za Wazee Katika Barua na Vitabu vya Kanisa

Tulipoombwa kuandika katika kitabu hiki cha yubile, tulifikiri kuandika habari za maaskofu na mapadre, kama ilivyo desturi. Walakini habari zao zimekwisha andikwa na wengine, tena vizuri kuliko tuwezavyo sisi. Basi tumeona afadhali tuandike habari za mtu mmoja asiyetajwa katika kitabu cho chote, naye ni mama yake babu yetu, na jinsi tulivyomtafuta katika makaratasi. Jina lake hatutalitaja. Sababu yake itaonekana huko mbele.

Nyumbani kwetu tulilelewa na neno hili: ya kwamba bibi huyo alikuwa Myao wa Masasi, mwenye ukoo mkubwa, aliyekwenda Unguja kusoma, akarudi ameolewa na mwalimu. Hakuna aliyeuliza wajomba zake walikuwa akina nani. Na sisi Wayao, kama jirani zetu Wamakua na Wamakonde, twahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ndiye asimamaye katika ndoa, ndiye aamuaye ugomvi, ndiye aitwaye kwanza katika msiba. Mtu asiye na mjomba ilitupasa kumshangaa. Hatukushangaa, maana ni vigumu kuona kisichokuwapo.

Alipofariki baba yetu mkubwa, tulipewa sanduku lake dogo la mbao, na ndani yake mlikuwamo mkebe wa bati wenye barua tisa. Wadudu wamekula pembe zake, na mahali palipokunjwa pamekatika, hata barua moja ilikuwa vipande vinne. Zote zimeandikwa kwa Kiswahili, kwa mkono wa mtu aliyefundishwa kuandika polepole. Mwandishi ni mwanamke wa Mbweni, Unguja, na aliyeandikiwa ni bibi yetu. Hazina mambo makubwa: mvua, homa, bei ya kitambaa, fulani amezaa, fulani amekufa. Twakiri kwamba tulizisoma upesi upesi, tukazirudisha mkebeni. Lakini katika kila barua, baada ya salamu, yule mwanamke amemwita bibi yetu kwa neno moja, mjoli wangu. Neno hili twalijua sote katika Injili ya Mathayo, katika mfano wa mtumwa asiyesamehe. Basi sisi, kwa kuwa ni katekista, tulifurahi, tukadhani ni unyenyekevu wa Kikristo, kana kwamba asema, mtumishi mwenzangu katika Bwana. Hata tulilitumia katika mafundisho ya Kwaresima, na watu wakapendezwa. Miaka miwili ikapita ndipo tulipojua ya kuwa yule mwanamke hakusema kwa mfano. Mjoli, kwa Kiswahili cha Unguja cha zamani zile, ni mtumwa mwenzako.

Hapa yafaa tukumbushe kidogo mambo ya Unguja. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kufunga soko la watumwa na kukataza wasisafirishwe baharini. Lakini biashara haikufa siku ile. Majahazi yaliendelea kupita usiku, na Waingereza waliweka manowari iitwayo London katika bandari ya Unguja tangu 1874 hata 1883, na mashua zake zilizunguka kuyawinda majahazi hayo. Watu waliokutwa ndani waliletwa mjini, wakaandikwa, wakagawanywa, na wengine wakapewa misheni. Watu wazima waliwekwa katika shamba la Mbweni, wavulana wakapelekwa shule ya Kiungani, na wasichana wakasoma papo hapo Mbweni, ambapo Bibi Caroline Thackeray aliwafundisha tangu 1877. Wasichana wengi wa Mbweni waliolewa na vijana wa Kiungani waliokuwa waalimu, kisha wakavushwa pamoja kwenda bara kufundisha.

Na Masasi yenyewe ni tunda la shamba lile. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alishuka Lindi pamoja na watu waliokombolewa, wanaume na wanawake waliozidi 50, na nia yake ni kuwarudisha kuelekea ziwa la Nyasa walikotoka wengi wao. Walipofika chini ya milima ya Masasi wakaona mahali ni pazuri, pana maji na udongo mwema, wakasema, hapa patosha. Kila mwaka twasimulia habari hiyo kwa fahari. Jambo la ajabu ni hili, kwamba sote twajivuna kwa wale walioanzisha Masasi, walakini ukienda nyumba kwa nyumba, hupati mtu asemaye kwamba yeye ni mjukuu wao.

Turudi kwa bibi yetu. Katika kitabu cha ubatizo cha mtaa wetu tulitafuta mstari wa babu, tukaupata, na baba yake na mama yake wameandikwa. Tukataka kwenda nyuma hatua moja. Ikatulazimu kujikusanyia nauli, kwa maana mama mtu alibatizwa Unguja. Katika kitabu cha Mbweni tuliona jina lake la ubatizo, na umri wa kukisiwa, na neno Nyasa mahali pa kabila. Mahali pa baba na mama palikuwa na mstari mfupi wa wino. Tukadhani mwandishi amesahau. Tukatazama mstari wa juu yake, nao ni vivyo hivyo, na wa chini yake. Tukahesabu ukurasa mzima, wala hapakuwa na mtoto hata mmoja mwenye baba. Ndipo neno la zile barua likatujia, tukakifunika kitabu, tukatoka nje tukakaa barazani.

Siku ya pili tulikwenda nyumba ya nyaraka ya Unguja, iliyoko Kilimani, kwa kuwa zimo karatasi za ubalozi wa Kiingereza zenye habari za majahazi yaliyokamatwa na watu waliotolewa ndani yake. Tulipata wasichana watatu, Wanyasa, wenye umri uupatao wa bibi yetu, waliopelekwa misheni. Kila mmoja aweza kuwa yeye. Majina yao si ya Kikristo, na lile la bibi yetu la kwanza halikuandikwa katika kitabu cha ubatizo, basi kamba ikakatika hapo. Wengine wametushauri tuchague mmoja katika hao watatu. Hatukubali. Afadhali shimo lililo wazi kuliko shimo lililofunikwa kwa majani.

Kwa ajili ya wale watakaotafuta, twataja machache tuliyojifunza kwa kukosea. Usiutumaini umri ulioandikwa, maana mwandishi alimtazama mtoto akakisia. Wala usilitumaini sana jina la kabila. Mtu aliyesema lugha yo yote ya pwani ya ziwa aliweza kuitwa Mnyasa, na mtoto aliyeuzwa na Wayao aliweza kuitwa Myao. Jina lenyewe hubadilika mara tatu: la kwao, la utumwani, kama Mabruki au Baraka au Feruzi, kisha la ubatizo. Basi utafutapo, usitafute jina tu, tafuta na walio pembeni, yaani mume, watoto, na wadhamini wa ubatizo, kwa maana hao huonekana tena na tena katika vitabu, nao ndio watakaokuongoza. Tena Wazungu waliandika kama masikio yao yalivyosikia, L ikawa R, na R ikawa L, nasi tuliwahi kumpita ndugu wa babu mara nne bila kumtambua. Wenye wazee wa siku za Wajerumani watafute hati za uhuru walizopewa watumwa, ila wajue ya kuwa herufi za mkono za Kijerumani cha zamani ni taabu, hata Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuzisoma.

Waalimu waliosoma Kiungani waliandikiana habari katika gazeti la Msimulizi, lililoanza kupigwa chapa huko mwaka 1888. Na wale ambao mzee wao hakuacha neno lo lote, na wasome kitabu kiitwacho Kiungani, kilichotolewa na Bwana A. C. Madan mwaka 1887. Ndani yake vijana wa shule ile wamesimulia wenyewe jinsi walivyotekwa na kuuzwa. Si mzee wako asemaye, lakini njia ni ile ile. Barua na taarifa za misheni zilizopelekwa Uingereza zimewekwa Oxford, katika maktaba ya Bodleian, nasi huko hatujafika.

Tuliporudi nyumbani tulikwenda kwa shangazi yetu, naye ni mkongwe sana, ndiye wa pekee aliye hai aliyemwona bibi yule kwa macho. Tukaanza kwa kuzungukazunguka, kama ilivyo heshima. Akatusikiliza mpaka tukachoka, kisha akasema, "Umekwenda Unguja kuambiwa nililokuwa nalo hapa." Kumbe alijua. Alisema bibi alipougua ugonjwa wa mwisho, hakuomba maji kwa Kiswahili wala kwa Kiyao. Aliomba akisema madzi, madzi, na watoto wakacheka, kwa kuwa nyumbani walizoea kusikia meesi. Mama yake shangazi akawapiga makofi wote, akawafukuza chumbani. Hilo madzi ni neno la Kinyanja, lugha ya watu wa ziwani. Karatasi ilituambia Nyasa, nasi tulikuwa na shaka nayo, na mgonjwa akathibitisha. Neno hilo lilikaa kichwani mwa shangazi tangu utoto wake, wala hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.

Tukamwuliza kwa nini wazee walificha. Hakujibu mara moja. Twafikiri tumeifahamu sababu yao, wala hatuwahukumu. Sisi leo twasema utumwa ni jambo la kale, lakini bibi yetu aliishi karibu nao siku zake zote. Mwaka 1882 Wagwangwara walipoishambulia Masasi walichukua mateka miongoni mwa hao hao waliokwisha kukombolewa. Mwaka 1905, katika vita vya Maji Maji, misheni ilichomwa moto. Na katika Tanganyika utumwa haukukatazwa kabisa na sheria mpaka mwaka 1922. Mwanamke asiye na mjomba, asiye na mtu wa kumfuata akitekwa, alihitaji ukoo kama vile ahitajivyo paa juu ya kichwa. Mke wa mzee mmoja Myao wa hapa alimwita binti yangu, na kwa hilo akapata mama, na wajomba, na jina. Kwa kweli ukoo ule walimpa bure, nasi tumekula matunda yake. Kwa hiyo tusemapo sisi ni Wayao hatusemi uongo.

Walakini katika jamaa yetu hapana umoja juu ya jambo hili. Ndugu yetu mmoja alituambia wazi kwamba tumewavua nguo wazee, tena binti yake anaposwa, na watu wa upande wa pili watasema nini wakisikia? Twamheshimu, hata sasa hatukulihukumu neno lake kuwa ni upuzi. Shangazi ndiye aliyeamua. Alisema tuandike, kwa sababu yeye akifa hapatakuwa na wa kuulizwa, ila jina tusiliandike mpaka wote wakubali. Tumetii.

Kisha akatuambia habari moja iliyosalia. Kila mwaka, kabla ya tarehe 2 Novemba, watu wa mtaa wetu hupeleka kwa padre orodha ya wafu wao ili watajwe katika misa. Bibi yetu alijua kusoma na kuandika, naye aliiandika orodha yake kwa mkono wake mwenyewe. Jina la kwanza halikuwa jina. Aliandika Mama, kisha akaacha nafasi, ndipo wakafuata wengine, mumewe na watoto waliokufa wadogo. Padre mmoja aliwahi kumwuliza, mama yupi? Akasema, Mungu anajua.

Baada ya kufa kwake orodha ile iliandikwa upya na watoto, wakaliondoa neno lile kwa kuwa halikuwa na maana kwao. Mwaka huu tumeliandika tena, juu kabisa, na nafasi mbele yake.