Tundu lililopwaya

Skrubu inapopwaya kwenye dari la mbao la gari la watalii linalopita Bunda kwenda lango la hifadhi la Ndabaka, wengi hutafuta skrubu nene zaidi. Historia ya Ziwa Victoria inaonyesha kwamba kinachopaswa kutibiwa ni mbao. Mitumbwi mikubwa ya Waganda na Wasese ilishonwa kwa nyuzi za mimea, na matundu ya mshono yakazibwa. Huko pwani, mafundi wa mtepe, chombo cha mbao cha kushonwa, walishona kwa kamba za nazi, kisha wakaziba matundu kwa vijiti vya mbao. Wote walijua kuwa kwenye tundu ndipo chombo kinapoanza kuharibika.

Mtu atasema chuma kimeshinda, kwani mwaka 1875 mvumbuzi Stanley aliizunguka nyanza hii, akiambaa na pwani ya Bunda na Majita, kwa Lady Alice, mashua ya mbao iliyoletwa vipandevipande na kuunganishwa kwa chuma ziwani. Ni kweli, chuma ni imara. Lakini skrubu hushikwa na nyuzi za mbao tu. Mtikisiko wa barabara ukizisaga, hata chuma kizuri huzunguka bure. Skrubu nene hung'ata kwa muda, tena huweza kuupasua ubao mwembamba wa dari. Kijiti cha mbao ngumu kilichopakwa gundi, kikagongomelewa, kikakauka na kukatwa sawasawa, hurudisha nyuzi mpya. Kisha hutobolewa upya, kwa tundu dogo kuliko skrubu. Fundi wa Musoma anayefanya hivyo anafuata hekima ya waunda mitumbwi.