Kundi la Mufwankolo: siku mchezo wa redio ulihamia kijijini Kawama

Hapa Kalemie, mutajie mtu wa miaka hamsini jina la Mufwankolo: atacheka mbele ya kukujibu. Vijana wao wanauliza, huyo ni nani?

Mufwankolo ni jina la mchezaji na pia la kundi lake, kundi la michezo ya kuchekesha la Lubumbashi. Lilijulikana ku redio, kisha ku televisheni, miaka na miaka. Lilicheza kwa Kiswahili chetu, kile kinachoingiza Kifaransa bila kuomba ruhusa. Na tusisahau: jimbo la Tanganyika lilizaliwa mwaka 2015. Mbele ya pale Kalemie ilikuwa ndani ya Katanga, ambayo wakati wa Zaïre iliitwa Shaba. Kwa hiyo Mufwankolo hakuwa mgeni kwetu.

Namna yao ya kazi inashangaza sisi watu wa redio. Hawakuandika mchezo kwenye karatasi. Walipatana juu ya hadithi, wakagawana nafasi (huyu mume, huyu mke, huyu mwizi), halafu kila mumoja alitafuta maneno yake mwenyewe. Mu 1981 Walter Schicho na Mbayabo Ndala walitoa kitabu juu ya kundi hili kule Vienna. Watu wa mbali walianza kusoma vile sisi tulisikia bure.

Mwaka 1986 ndipo jambo kubwa lilitokea. Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia aliyejua Shaba vizuri, alikuwa Lubumbashi. Siku moja mezani walimupa firigisi ya kuku, nyama ya mtu wa heshima, na akasikia musemo: « Le pouvoir se mange entier ». Yaani utawala unaliwa muzima, haukatwi vipande. Aliuliza wachezaji wa Mufwankolo maana yake. Wao hawakumupa jibu la maneno mawili. Walisema watatengeneza mchezo.

Walitafuta hadithi, wakafanya mazoezi, na mwishoni walitoka mjini wakaenda kucheza Kawama, kijiji cha karibu na Lubumbashi, mbele ya kamera za televisheni. Hadithi ni ya chifu na kijiji ambamo utaratibu umepotea: makosa yanafanyika, malipo hayaonekani, heshima ya chifu inaisha. Kucheza vile mu studio ni kitu kimoja. Kuicheza mu kijiji cha kweli, wakaaji wakiwa pale, ni kitu kingine: kila mtu pale anajua chifu ni nani.

Tukumbuke pia wakati ule. Mobutu alikuwa anatawala, chama kilikuwa kimoja, MPR, na redio na televisheni zilikuwa za serkali. Nani angeuliza wazi kama mamlaka inaweza kugawanywa? Lakini chifu wa mchezo, wake zake na walinzi wake, hao unaweza kuwacheka. Kwa mawazo yangu kijiji kiliwapa nafasi ya kusema ambayo mji haukuwa nayo.

Kitabu cha Fabian, « Power and Performance », kilitoka 1990. Mule ndani kuna mazungumzo ya mazoezi na mchezo wenyewe, kwa Kiswahili cha wachezaji, Kiingereza kikifuata.